Presha ya Mama Fabrice

Simu ya mzee Leonidasi ilinikuta shambani, nyuma ya nyumba yetu ya Biharamulo, nikiwasimamia vijana waliokuwa wanapalilia mihogo. Hakusubiri hata shikamoo yangu.

"Shemeji amefariki alfajiri," alisema. "Mama yake Fabrice. Presha imempiga. Sasa mwambie kijana kwamba mama anaumwa kidogo, anamwita. Mpandishe gari aje. Akifika atajionea mwenyewe."

Nikakaa chini pale pale kwenye tuta. Desturi hiyo naijua. Mimi ni Msubi wa hapa hapa Biharamulo, na hata kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba kwa simu. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa. Anasafiri na matumaini yake yote, kisha kwenye kona ya mwisho ya kwenda kwao anaona turubai na viti vya kukodi, na hapo ndipo anajua. Watu wanasema ni kumhurumia. Huruma hiyo mimi sijawahi kuiona ilipo.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Poleni sana. Lakini huyu hatumdanganyi. Nitamwambia mimi, na nitakuja naye."

"Marahaba. Si wewe uliyetuambia asipewe mshtuko?"

Kweli nilisema. Nilisema na mengine mengi siku ile familia ilipokuja kumtembelea Fabrice, ila watu huchukua neno moja wakaenda nalo nyumbani, mengine wakaniachia mwenyewe.

Naitwa Pancras. Nyumba yetu inapokea vijana wanaotaka kuacha unga, bangi na gongo. Udaktari sikuusomea; nayajua haya kwa sababu niliwahi kuuvuta unga mwenyewe, na kwa sababu ya nesi Priscila, anayekuja kutufundisha kila anapopata nafasi. Fabrice alikuwa mpishi wetu. Kabla ya hapo alikuwa utingo wa malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda mpakani Kabanga, na huko barabarani ndiko alikojifunza kuvuta unga wa heroini. Kwao ni Mabawe, wilayani Ngara, kwenye familia iliyokimbia vita Burundi zamani ikalowea. Mzee Leonidasi, baba yake mdogo, ndiye aliyemtoa chini ya lori pale Kabanga akiwa amejikojolea, akamfunga kwa kitenge mgongoni mwa dereva wa pikipiki ili asianguke, akamfikisha kwetu. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani mzee yule hakumpenda.

Priscila ana namna yake ya kueleza. "Kila mtu amezaliwa na mbwa kichwani," huwaambia wageni. "Hatari ikija, ubongo unamwaga kemikali zake za hofu. Moyo unakimbia, jasho linatoka, huwezi kukaa. Huyo ni mbwa anabweka. Hatari ikipita, analala. Sasa wewe ukaja na unga, ukamlaza kwa nguvu. Ubongo ukaona mbwa wake halindi tena, ukafuga mwingine, na mwingine, mpaka likawa kundi. Siku unaacha unga wanaamka wote pamoja, na mwizi hayupo."

Siku za mwanzo huwapa vidonge vya kulituliza kundi hilo, vile vile ambavyo watu wengine hupewa kwa ajili ya presha. Fabrice alipolisikia hilo alicheka sana. Akaazima simu yangu, akampigia mama yake.

"Mama, kumbe mimi na wewe tunaumwa ugonjwa mmoja!"

Yule mama alicheka hadi tuliokaa jirani tukamsikia. Niragira lilikuwa jina lake, lakini Mabawe nzima ilimwita mama Fabrice.

Watu hudhani wiki ile ya kutapika na kutetemeka ikiisha, kijana amepona. Hajapona. Mbwa wanalala, lakini bado ni wengi, na usingizi wao ni mwepesi kwa muda mrefu sana. Habari mbaya moja, ugomvi mmoja, aibu moja, wanaamka wote, na kichwa kinakumbuka kitu kimoja tu kilichowahi kuwanyamazisha. Ndiyo maana kijana aliyekaa miezi mingi bila unga anaweza kuutafuta mchana mmoja tu, na watu wakasema hana akili. Tena mwili wake umeshausahau. Kipimo alichokuwa anakivuta zamani na kutembea, sasa kinamuua. Tunachoweza kufanya ni kukaa naye wakati wa kelele. Anasema kwa sauti kwamba wameamka, mtu anakaa naye, hamwachi, mpaka watulie wenyewe. Na hutulia, nimeona mara nyingi.

Nilimkuta Fabrice jikoni akikoroga maharage.

"Epua sufuria," nikamwambia. "Kaa hapa."

Akaniangalia, mwiko mkononi. "Ni mama?"

"Ni mama. Amefariki leo alfajiri. Nimeambiwa nikudanganye, nimekataa."

Alilia kilio ambacho sitaki kukieleza. Baadaye akasema, "Wameamka, kaka."

"Wangapi?"

"Wote."

Tulikaa sakafuni, migongo ukutani. Nilimshika kifundo cha mkono nikisikiliza mapigo yake yanavyokimbia. Alisema anataka kutoka, nikamwambia tutatoka wote. Tukazunguka shamba la mihogo, tukarudi, tukazunguka tena. Jua lilipoanza kupoa mapigo yakashuka, akaomba maji, akauliza kama vijana wamekula. Moyoni nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijua nimemwona akivuka mahali pagumu kuliko pote.

Tulipofika Mabawe, dada yake Diane ndiye aliyetupokea. Diane anauza vitenge Kabanga, mwanamke mkavu wa maneno, macho yalikuwa yamevimba lakini akili yake ipo. Alinivuta pembeni ya migomba.

"Kaka Pancras, niambie nifanye nini, nifanye."

Tulipanga. Fabrice asiwe peke yake hata chooni. Asishike pesa ya rambirambi. Pombe ya ndizi ikae kwa jirani, si nyumbani. Utingo wenzake wa zamani wakija kutoa pole, waishie kwenye turubai, na Diane akae katikati yao. Tuliziba njia zote tulizozijua. Usiku ule Fabrice alilala kwenye mkeka kati yangu na ukuta, na asubuhi aliniambia amemwota mama yake akipepeta mtama.

Maziko yalikuwa ya watu wengi. Katekista aliongoza, kwaya ya mama ikaimba, halafu ikafika zamu ya wasifu wa marehemu. Huku kwetu mtu hashushwi kaburini bila wasifu wake kusomwa: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, ameacha watoto wangapi, alianza kuugua lini, amefia wapi. Mzee Leonidasi alisimama na kipaza sauti, akavaa miwani.

Alisoma vizuri. Alisoma jinsi mama yule alivyovuka mpaka akiwa mtoto wa mgongoni, jinsi alivyolima, alivyoimba, alivyobaki mjane bila kumwomba mtu. Watu walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Fabrice alikuwa mbele pamoja na Diane, mimi nyuma yao.

"Marehemu alianza kusumbuliwa na presha," mzee akaendelea, "baada ya kijana wake wa kiume kuingia kwenye madawa ya kulevya. Madaktari walisema ni mawazo. Mawazo ya mtoto ndiyo yaliyomuua. Vijana mliopo hapa, mjifunze."

Akamwangalia Fabrice juu ya miwani. Wote wakamwangalia. Kijana mmoja alikuwa amenyanyua simu anarekodi, akaigeuza taratibu ikamlenga yeye.

Nilitaka kumpokonya mzee kile kipaza sauti, lakini ningekuwa nani, mgeni, kwenye kaburi la watu? Diane alisema kwa sauti ya chini, "Uongo huo. Mama ana presha tangu huyu yuko darasa la nne." Hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi. Fabrice hakulia. Alirusha udongo wake, akapokea jembe, akafukia kwa zamu kama wanaume wengine.

Tulipokuwa tunanawa mikono nikamuuliza, "Wangapi?"

"Hakuna, kaka. Wamelala."

Ilikuwa mara ya kwanza kunidanganya tangu tufahamiane. Kwenye kilio cha jikoni alikuwa mtu anayeumia. Sasa alikuwa mtu aliyetulia, na utulivu ule ulinitia hofu kuliko kilio.

Nikamfuata mzee Leonidasi nyuma ya nyumba.

"Mzee, kwa nini umefanya vile?"

Hakukasirika. Alinishangaa kweli kweli. "Nimemsaidia. Wewe umemlea kwa maneno laini, sawa, ni kazi yako. Mimi nimemwonesha aibu mbele ya watu wote. Hawezi kurudia tena baada ya aibu ile. Sisi tulilelewa hivyo, na tulinyooka."

"Aibu ndiyo inayowaamsha, mzee. Nilikueleza."

"Ulisema mshtuko. Nimempa mshtuko gani mimi? Mama yake umemwambia wewe mwenyewe."

Ningempa jibu gani, mtu anayeamini kabisa kwamba ametibu?

Kesho yake ikaja habari kwamba wajomba wa Fabrice, kaka za mama yake waliorejea Burundi vita vilipotulia, wanavuka kuja. Walichelewa maziko, wanakuja kukaa matanga. Kwa desturi yao wajomba hupokelewa mpakani na mtoto wa kiume wa marehemu, si mtu mwingine. Nikasema haendi Kabanga. Kabanga ndiko malori yanakolala, ndiko kila utingo anakomjua kwa jina.

"Umemfunga kamba?" mzee Leonidasi akaniuliza mbele ya watu. "Wajomba wapokelewe na nani, na wewe?"

"Acha niende, kaka," Fabrice akasema. "Nisipokwenda watasema ni kweli."

Sentensi hiyo ilinimaliza. Nikakubali, ila nami nikapanda pikipiki yangu, nikakaa nyuma ya ile aliyopanda yeye, mita chache njia nzima.

Wajomba walikuwa wamesimama karibu na wabadili fedha, wazee watatu na mama mmoja mwenye fimbo. Fabrice aliwaendea kwa adabu, akainama. Mzee wa kwanza alimkumbatia, akamwambia "Wihangane", yaani vumilia. Yule mama wa fimbo hakumkumbatia. Alimtazama usoni kwa muda, akageuka kwa mwenzake, akauliza kwa Kirundi, na Kirundi hicho hata mimi nilikielewa, "Ni huyu wa kwenye simu?"

Ile video ya maziko ilikuwa imeshavuka mpaka.

Nilipiga hatua kumfikia Fabrice. Hapo mzee mmoja, akidhani mimi ni mtoto wa ukoo, akanikumbatia na kuanza kulia begani kwangu kwa sauti. Alilia akitaja jina la dada yake, tangu utoto wao, mto waliochota maji, mvua waliyonyeshewa wakikimbia. Mtu anayelia hivyo humsukumi. Nilisimama na uzito wake wote, nikinyoosha shingo. Nililiona shati la kijani la Fabrice karibu na kibanda cha chipsi, halafu karibu na lori la mbele, halafu sikuliona. Nikasema, "Mzee, naomba, mzee." Akazidi kunishika.

Aliponiachia, nilikimbia. Nilipita kati ya malori nikiita. Niliuliza madereva, wengine wakaniangalia, wengine wakaangalia pembeni, na hao wa kuangalia pembeni ndio niliotaka kuwanyonga. Nilimkuta katikati ya tairi za trela, amekaa, mgongo umeegemea, kichwa kimelala kifuani. Midomo ilikuwa ya bluu. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ilikuwa bado mkononi, na aliyempa alikuwa ameshaondoka. Nilimlaza, nikampulizia pumzi kama Priscila alivyotufundisha, nikampulizia tena, nikapiga kelele watu walete gari. Gari lililetwa. Kituo cha afya tulifika, lakini yeye hakufika.

Alivuta kipimo chake cha zamani. Nilikuwa nimemwambia mara ngapi? Alilijua vizuri kabisa somo hilo, hata alikuwa akiwaambia wageni jikoni huku anakoroga ugali. Sijui kama alisahau au alikumbuka. Swali hilo naishi nalo.

Turubai halikufunguliwa. Viti vilikuwa pale pale, sufuria pale pale, wajomba waliokuja kumlilia dada wakakuta kaburi la pili linachimbwa pembeni ya la kwanza. Mzee Leonidasi hakuomba kusoma wasifu. Alikaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti. Diane akaniambia, "Andika wewe. Ulimjua miezi hii ya mwisho kuliko sisi. Nitasoma mimi."

Niliandika nimekaa chini ya migomba, kwa hasira, sikuficha. Niliandika alikozaliwa, shule aliyosoma, malori, unga, Biharamulo, maharage yake ambayo vijana waliyagombania. Nikaandika kwamba presha ya mama yake ilianza yeye akiwa mtoto wa darasa la nne, na haikuwa na uhusiano wowote na unga. Nikaandika: "Marehemu alikuwa anapona, mpaka siku baba yake mdogo aliposimama mbele ya kaburi na kumwambia kwamba amemuua mama yake." Niliisoma mara mbili nikaridhika. Nilitaka aisikie kwa kipaza sauti kile kile. Nilitaka watu wamgeukie, na yule kijana wa simu arekodi.

Diane aliisoma yote kabla, mbele yangu, uso wake haukubadilika.

Alisimama akasoma kwa sauti kavu. Alipofika kwenye mama akasoma habari ya darasa la nne, pole pole, na watu wakanong'ona. Yule mama wa fimbo akajifunika uso kwa khanga. Mzee Leonidasi akainua kichwa. Alikuwa anajua sentensi gani inafuata, nadhani kila mtu alijua. Jasho lilikuwa linamtoka mashavuni, na Mabawe siku ile kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta.

Diane aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Akamwangalia baba yake mdogo, si kwa muda mrefu.

"Aliugua," akasema. "Alitibiwa Biharamulo. Alikuwa anapona."

Akakunja karatasi, akarudi kukaa.

Baada ya maziko nilimfuata jikoni, alikokuwa anapakua wali wa wageni.

"Umeruka," nikamwambia. "Kwa nini umeruka? Ni kweli tupu ile!"

"Ni kweli." Hakuacha kupakua. "Umeiona mikono ya baba mdogo?"

"Sikuangalia mikono yake."

"Inatetemeka tangu jana. Hajala. Watu wakitoka hapa, atabaki na nani usiku? Na kanyanga, gongo ya huku, iko kila nyumba." Akanitazama, macho makavu, mekundu. "Wewe si ndiye unayetufundisha, kaka Pancras? Ningemsomea vile mbele za watu, ningekuwa nimefanya nini tofauti na yeye?"

Nikampokea sahani iliyojaa, nikaiweka pamoja na nyingine.

"Nenda ukakae naye," akasema.

"Siwezi, Diane."

"Mimi nina wageni. Nenda."

Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, mahali pale pale aliponiambia kwamba amemsaidia. Nilivuta kiti kingine. Nilimwamkia, hakuitika. Midomo yake ilikuwa inacheza, baadaye nikasikia anarudia maneno yale yale, "Nilimfunga kwa kitenge asianguke. Nilimfunga kwa kitenge."

Nilimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanakimbia kama ya kijana wa wiki ya kwanza. Sikumsamehe, mpaka leo sijamsamehe. Nilimshika tu, nikakaa naye, mpaka vijana wakaja kufungua turubai.